Salamu za Sekunde 32

Ofisini kwetu mtaalamu wa kompyuta ni mimi. Sikuisomea kazi hiyo. Nilisomea uhasibu, na mwaka 2019, wiki ya pili baada ya ofisi kuhamia Dodoma ikizifuata wizara, nilichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa kwa kibano cha nyusi cha dada wa mapokezi. Watu wanne waliona. Tangu siku hiyo kila chenye waya ni changu: feni, projekta, kengele ya geti, birika la umeme. Birika nililitengeneza likapona, na hapo ndipo nilipojimaliza kabisa.

Kwa hiyo Mama Mkurugenzi aliporudi kutoka semina Dar es Salaam na kusema kwamba ofisi za wenzetu siku hizi zinatumia simu za intaneti, kikao kizima kiligeuka kikanitazama. Mama hakuwa na shida ya teknolojia. Shida yake ilikuwa vocha. Tuna ofisi ndogo Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa napitisha marejesho ya vocha za watu ambao, kwa hesabu walizoleta, walikuwa wanaongea na simu hadi usingizini. Kwa simu za intaneti, tuliambiwa, ofisi kwa ofisi mnaongea bure. Neno "bure" limo mara tatu kwenye muhtasari wa kikao kile. Nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea tu ya kazi.

Zamani hilo neno bure lilikuwa na hatari yake. Mpaka mwaka 2005 simu za mezani upande wa Bara zilikuwa haki ya TTCL peke yake, na kupitisha sauti kwenye intaneti kulikuwa biashara ya chini ya meza. Mtu akimpigia ndugu yake aliyeko Ulaya kwenye kibanda cha intaneti aliongea kwa sauti ya kununulia gongo. Mhasibu Mkuu, ambaye ameajiriwa tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, anaukumbuka wakati huo vizuri, na ndiye aliyeuliza swali pekee la maana siku ile: "Umeme ukikatika?" Simu ya zamani ilikuwa inapata umeme wake kwenye waya uleule wa simu, kutoka kule kwenye mitambo, mji mzima ukiwa gizani, simu inalia. Hizi mpya umeme ukikatika zinabaki za kukandamizia karatasi zisipeperushwe. Swali hilo halikuingia kwenye muhtasari.

Simu 12 zikaja kwa basi kutoka Dar, kilomita kama 450, ndani ya boksi lililoandikwa upande huu juu, likiwa limelazwa upande mwingine. Kampuni iliyotuuzia nalihifadhi jina lake, maana bado inatudai. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao upepo wa Dodoma huchukua vumbi lote la uwanda na kuligawa kwa haki kila nyumba. Nilizifuta, nikazichomeka kwenye swichi, moja baada ya nyingine zikawaka vioo vya samawati na kuandika kwamba zimesajiliwa. Zimesajiliwa! Nilihisi kama mzazi siku ya mahafali.

Nikampigia dada wa mapokezi. Kati ya meza yangu na yake kuna hatua nane na ukuta wa plaiwudi. Lakini seva ya hizo simu iko Dar es Salaam, kwa hiyo "haloo" yangu ilitakiwa iende Dar kwanza, ikatwekatwe vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kila sekunde, kila kipande kifungwe kwenye pakiti yake kama bahasha, vipite Gairo, Morogoro, Chalinze, vifike, kisha vigeuze vyote kwa mpangilio na kurudi hatua nane kutoka nilipo. "Shikamoo" moja ya mtu asiye na haraka ni bahasha kama 40. Na yote hayo hufanyika upesi kuliko kupepesa jicho mara mbili, nikaamini.

Akainua mkono wa simu. "Haloo?" Nilimsikia vizuri sana, kupitia kwenye plaiwudi. Kwenye simu kulikuwa kimya kama cha makaburini.

"Haloo!" nikasema.

"Nakusikia, lakini si kwenye simu," akajibu ukutani.

Nikajaribu kupiga simu ya mkononi ya Mhasibu Mkuu. Yeye akawa ananisikia, mimi simsikii. Nikamwona dirishani, kule chini ya mwarobaini, ananijibu kwa mikono.

Fundi wa ile kampuni nilimpata kwenye simu yangu ya mkononi, kwa vocha yangu. Hakushangaa hata kidogo. "Sauti ya upande mmoja? Hiyo ni fayawoli, kaka. Ongea na mtu wa fayawoli yenu."

Mtu wa fayawoli yetu alikuwa mimi. Nilikuwa sijui kama tunayo. Ni kile kisanduku cheusi kilichoko juu ya kabati la stoo, ambacho nilidhani ni cha king'amuzi.

Nikapeleka taarifa kwenye kikao cha Jumatatu kwamba tatizo ni fayawoli. Katibu wa kikao ni kijana anayekipenda Kiswahili sanifu, hapendi maneno ya kuokota, akatafsiri papo hapo: "Ukuta wa moto wa ofisi una matatizo na unahitaji kurekebishwa haraka." Mama akaidhinisha. Alhamisi Afisa Manunuzi akaniletea profoma tatu, kama taratibu zinavyotaka, zote za mitungi ya kuzimia moto, na kwa nia njema kabisa alikuwa ameshanunua ndoo mbili nyekundu za mchanga. Ziko kwenye korido hadi leo. Wakaguzi walipokuja walizisifu.

Ikabidi nijifunze nieleze mwenyewe, na aliyenisaidia ni Mzee wetu wa getini.

Mzee ni Mgogo wa Mvumi, na geti analiendesha kwa kanuni ambayo hakuandikiwa na mtu. Ukitoka anakutazama usoni. Ukirudi kabla hajakusahau, anafungua bila neno. Mtu asiyemwona akitoka, hata akija na tai na gari la serikali, atasimama palepale aseme anamtaka nani, na huyo anayetakiwa aje mwenyewe athibitishe. Na ukikaa sana huko nje, tuseme umekwenda kula nyama Mnadani ukachelewa, unarudi ukiwa mgeni: "Karibu, unamtaka nani?" Hana ubaya. Kumbukumbu yake ina muda wake.

Fayawoli ndiyo hiyo hiyo. Kinachotoka ndani kinawekwa kwenye daftari, majibu yake yakirudi yanapita. Kinachokuja chenyewe kutoka nje kinazuiwa. Na daftari lina muda. Mkikaa kimya, jina lenu linafutwa.

Mama akaelewa. "Sasa kwa nini sauti hairudi? Si imetoka?"

Hapo palinitoa jasho, nikaokolewa na tembe. Aliyekulia huku anaijua: nyumba ndefu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka ua, ng'ombe wanalala humohumo, na lango ni moja. Ukimwandikia ndugu yako barua kutoka Dar na juu ya bahasha ukaweka "Chumba cha pili kutoka zizini", haitafika. Si kwamba posta ni wabaya. Kila tembe lina chumba cha pili kutoka zizini. Sasa, anwani za intaneti za mtindo uliozoeleka ni kama bilioni 4.3 tu, na vifaa vya duniani vimezipita, kwa hiyo ofisi nzima hupewa anwani moja ya langoni, na humo ndani kila kifaa kinapewa jina la chumbani: 192.168 kadha wa kadha. Majina hayo hayo yanatumika Kondoa, yanatumika Kampala, yanatumika London. Kivinjari cha intaneti hakipati shida, maana langoni anwani inabadilishwa juu ya bahasha. Ila simu ina tabia ya peke yake: inaandika anwani ndani ya barua pia. "Sauti yangu niletee chumba cha pili kutoka zizini." Dar wanasoma, wanatii, wanatuma. Inapotea.

"Kwa hiyo simu zetu ni washamba," Mama akasema.

Sikumpinga.

Fundi wa Dar naye akawa na dawa. "Fungua porti 5060, halafu fungua kuanzia 10000 mpaka 20000." Porti ni milango, ya kuhesabu tu, haina bawaba. Nikafungua. Baadaye nikaandika kwenye ripoti kwamba nimefungua milango elfu kumi na moja, na Mhasibu Mkuu akaniita: 10,001 au 11,000? Tulibishana kwa nusu saa. Ukihesabu 10000 yenyewe na 20000 yenyewe ni 10,001, lakini kwa Kiswahili cha mdomoni huwezi kumthibitishia mtu. Ile 5060 hatukuihesabu kabisa, na utaona kwamba ndiyo tuliyopaswa kuihesabu. Kwa kuwa mlango mmoja wa nje unaelekezwa kwenye kifaa kimoja tu cha ndani, niliuelekeza kwenye simu ya mapokezi. Nikaona nimefanya jambo la busara.

Siku hiyohiyo fundi alibonyeza kitu upande wake kwenye seva. Sauti zikaja, pande zote mbili, safi. Ni yule mgonjwa aliyekunywa dawa ya hospitali na ya mganga siku moja: amepona, na kila mmoja anadai ada. Mama akatoa waraka. Kuanzia tarehe moja, mawasiliano yote ya kikazi yafanyike kwa simu za ofisi, na vocha za simu binafsi hazitarejeshwa.

Msimamizi wetu wa Kondoa ni mwalimu mstaafu. Kwa Mwalimu waraka ni waraka.

Simu yake ya kwanza niliipokea mimi. Ilikuwa hivi, na muda nimeuweka kwa sababu baadaye niliupima kwa saa, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Wa nyumbani?" Sekunde ya 9.

"Hawajambo, Mwalimu. Na huko?"

"Huku tunashukuru. Watoto wanasoma?"

"Wanasoma."

"Mama Mkurugenzi ni mzima?" Sekunde ya 17.

"Mzima kabisa, anakusalimu."

"Naye msalimie. Mvua huko?"

"Bado, Mwalimu. Vumbi tu."

"Na huku vilevile. Juzi kulitanda, tukatoa viti nje, ikapita." Sekunde ya 27.

"Itanyesha tu."

"Inshallah. Sasa, mwanangu, nilichokupigia, lile gari—"

Tuu. Tuu. Tuu.

Nikadhani ni mtandao wa Kondoa. Akapiga tena. Mwalimu si mtu wa kuunganisha habari pale zilipokatikia. Kupiga simu upya ni kuonana upya, na watu wakionana husalimiana. Asalaam aleikum. Shikamoo. Nyumbani, watoto, Mama, mvua, viti nje. "Sasa, mwanangu, lile gari—" Tuu.

Mara nne. Lile gari lilikuwa la mradi, lilikuwa limeharibika gia boksi huko Kondoa wiki mbili nyuma. Limeibiwa? Limeungua? Limeuzwa? Mama Mkurugenzi alikaa karibu yangu mara ya nne, akasikia kwa masikio yake mpaka "lile gari", akashika kichwa. Kesho yake akamtuma fundi magari kwa basi, kilomita kama 160, na gia boksi nzima ya mtumba ikiwa kwenye buti.

Wakati huo mimi nimeanza kugundua jambo. Simu tunazopiga zinadumu. Zinazoingia ndizo zinazokufa, na hazifi ovyo. Zote zinakufa kwenye sekunde ya 32. Za Mpwapwa, 32. Za Manyoni, 32. Mfadhili wetu, ambaye hana utamaduni wa kuuliza mvua, alikuwa anafika mpaka katikati ya hoja yake ya kwanza. Ndipo nikaanza kupima salamu za watu. Mpwapwa sekunde 24, kijana yule ana haraka. Manyoni 41. Mwalimu, akiwa katika afya njema, 29 mpaka 30, na hapo nimeitikia upesi. Ina maana kwa Manyoni mashine ilikuwa inakata hata kabla hatujamaliza kuulizana hali, na kwa Mwalimu ilikuwa inatuachia sekunde mbili za maendeleo.

Watu wetu hawashindwi. Ndani ya wiki moja ukazuka utaratibu ambao hakuna waraka uliouagiza: unapiga simu mbili. Ya kwanza ya salamu. Inakatwa, hakuna anayeshtuka. Ya pili unaingia na shida yako moja kwa moja, kwa kuwa mmeshasalimiana. Manyoni walihitaji tatu. Mwalimu peke yake alikataa. Alisema mtu hawezi kuanza kuongea habari za gari na mtu ambaye hajamsalimu, na kwamba salamu iliyokatika ni salamu iliyoharibika, inaanzwa upya.

Ile 32 nimekuja kuielewa, na kusema kweli nimeiheshimu. Simu hizi nazo zina adabu zao, zimeandikwa kwenye hati ya kanuni za SIP, lugha ya simu hizi zenyewe kwa zenyewe, iliyotolewa Juni 2002. Anayepiga anabisha hodi. Anayepigiwa akiinua mkono wa simu, simu yake inasema karibu. Aliyebisha naye sharti aitikie, kama watu wa pwani wa zamani walivyokuwa wakiitikia: starehe. Hodi, karibu, starehe. Hiyo ya tatu isiposikika mwenyeji hakasiriki. Anarudia karibu, anangoja, anarudia tena, mwanzoni akizidisha muda wa kungoja. Nafasi yote aliyopewa ni nusu sekunde mara 64. Hiyo ikiisha anaamua kwamba mlangoni hakuna mtu, anafunga. Ajabu yake, muda wote huo mimi na Mwalimu tunaongea na tunasikiana. Huko chini, mashine mbili zinangojeana starehe.

Na starehe ilikuwa inatumwa. Ilikuwa inapelekwa nyumba nyingine. Kwa nini, hatukujua mpaka Mzee alipotishia kuacha kazi.

Mzee ana daftari la matukio ya usiku. Kwa kawaida halina mambo: mbwa, umeme, kijana aliyejisaidia ukutani. Asubuhi ya Jumanne aliniletea limefunguliwa, akaniwekea kidole. Mwandiko wake ni wa herufi kubwa, wa mtu aliyejifunzia kwenye elimu ya watu wazima.

SAA 8:10 USIKU. SIMU YA MAPOKEZI IMELIA. NIMEPOKEA. HAKUNA MTU.

SAA 8:14. IMELIA TENA. NIMESALIMIA. HAJAITIKIA.

SAA 8:15. NIMEMSALIMIA KWA KIGOGO. HAJAITIKIA.

SAA 8:31. IMELIA. KWENYE KIOO IMEANDIKA 100. SIJAPOKEA.

SAA 9:05 HADI 10:40. INALIA. NIMEKAA NJE.

"Mwanangu," akaniambia, "mtu anayepiga simu saa nane usiku anaweza kuwa na msiba. Namwelewa. Lakini mtu umwambie habari za usiku, umwambie mbukwenyi, anyamaze, halafu apige tena? Huyo hana shida na mimi. Huyo anaangalia kama nipo."

Sijawahi kusikia maelezo sahihi zaidi, na nimesoma mengi tangu hapo. Duniani kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila porti 5060 zinayokutana nayo, kuona kama kuna simu ndani. Zinajitambulisha kwa namba za uongo, 100, 1000, chochote. Zikipata mtambo uliolala wazi, wenye nazo hupitisha humo simu zao za nje ya nchi, na ankara inakuja kwa mwenye mtambo. Kweli zinaangalia kama upo. Na sisi tulikuwepo, mlango wazi, na mlinzi wetu mwenye adabu akiwaamkia wezi kwa lugha mbili.

Dada wa mapokezi aliposikia habari hiyo akahama meza. Mama wa usafi akaja na chumvi ya mawe, akainyunyiza kuzunguka simu, kimyakimya. Sikumzuia. Mpaka siku hiyo ndoo mbili za mchanga na mtungi wa kuzimia moto vilikuwa vimeshapitishwa kwa ajili ya tatizo hilohilo. Chumvi ilikuwa ya bei rahisi kuliko vyote.

Mzee aliposema ataacha kazi, nikamwita fundi wa Dar, akaja mwenyewe, Ijumaa, kwa treni ya umeme. Tangu ianze safari za Dodoma mwaka 2024 mafundi wa Dar hawana tena kisingizio cha njia, na huyu nadhani alikuwa amefuata treni yenyewe zaidi kuliko sisi. Alitusimulia kuhusu treni dakika ishirini. Kazi aliifanya kwa dakika kumi na moja.

Kwanza alifungua fayawoli yangu akatazama orodha ya milango, akanyamaza.

"Nani alikwambia ufungue hivi?"

"Wewe."

"Mimi nilisema ufungue za kwenda nje."

"Ulisema fungua."

Akazifunga zote elfu kumi na moja, kwa maana yoyote ile ya elfu kumi na moja. Kisha akatafuta ukurasa mmoja ulio ndani ya ukurasa mwingine, sehemu ambayo nisingefika hata ningeishi miaka mia, na hapo pakawa na kisanduku kidogo chenye tiki, kimeandikwa SIP ALG. Akaitoa ile tiki.

"Basi," akasema.

"Basi nini?"

Akanieleza. Ndani ya fayawoli kulikuwa na msaidizi. Kazi yake ni kusoma barua za simu zinapopita langoni na kusahihisha ile anwani ya kishamba iliyoandikwa ndani. Ni wazo zuri. Ila huyu wetu alikuwa anasahihisha nusu: mstari huu anaubadilisha, ule anausahau, na pengine anasahihisha barua ambayo seva ya Dar ilikuwa imeshaisahihisha. Karibu inatoka na anwani mbili, starehe inakwenda kwenye ile isiyo yetu. Huyo msaidizi mara nyingi huja amewashwa tangu kiwandani, na mafundi wengi wa simu jambo la kwanza wanalofanya ni kumzima.

"Na kama ni jambo la kwanza," nikauliza, "mbona limekuwa la mwisho?"

Aliomba kuonyeshwa wanakouza zabibu.

Nilibaki nikikitazama kile kisanduku. Wiki tano, gia boksi moja, mzee wa watu kukesha nje kwenye upepo, kwa sababu ya karani anayefungua barua za watu ili kuwasaidia. Nimewahi kufanya kazi na karani wa namna hiyo masjala. Alikuwa anapenda watu sana.

Habari za lile gari tulizipata Jumamosi, fundi magari aliporudi na gia boksi yake kwenye buti la basi. Gari lilikuwa zima. Lilikuwa limepona tangu kabla ya simu ile ya kwanza. Fundi mmoja wa Kondoa alikuta ni kikombe kidogo cha mpira kilichochoka, akaweka kingine. Mwalimu alikuwa anapiga kusema tulifuate.

Jumatatu asubuhi nikawaomba wote wakae kimya, nikaweka saa mezani, tukangoja simu ya Kondoa kama watu wanaongoja matokeo ya darasa la saba. Ikalia. Nikabonyeza spika. Asalaam aleikum. Wa nyumbani. Watoto. Mama Mkurugenzi, aliyesimama mlangoni, akasalimiwa na akaitikia mwenyewe, jambo lililoongeza sekunde sita. Mvua. Sekunde ya 30. Dada wa mapokezi akafumba macho. 31. 32. 33. 34.

"Mwalimu!" Mama akapaza sauti. "Haijakatika!"

"Alhamdulillahi," Mwalimu akasema. "Basi nashukuru. Kwaherini." Akakata.

Tukatazamana. Nikiwa bado nimeshika saa, simu ikalia tena.

"Sasa, mwanangu," akasema Mwalimu, "Manyoni wamenieleza ule utaratibu mpya wa simu mbili, nami nimeukubali. Hii ni ya pili. Nilichokupigia ni kwamba lile gari, betri."